Bi Mdomo Alipoanza Kunong'ona

Kila asubuhi, kabla sijavaa viatu vya shule, nilikuwa na kazi moja: kuchomoa simu ya baba kwenye chaji na kumpelekea mezani. Nilikuwa naifuta kioo kwa pindo la sketi, kisha naiweka kwenye kiganja chake. Baba alipitisha kidole juu ya kioo, na hapo Bi Mdomo alianza kusema. "Saa kumi na mbili na dakika arobaini. Chaji imejaa. Ujumbe mpya, mmoja."

Bi Mdomo hakuwa mtu. Ilikuwa programu ndani ya simu, ile inayowasomea wasioona kila kitu kilichoandikwa kwenye kioo. Baba akigusa jina, inalitaja. Akigusa ujumbe, inausoma kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kumeza hata nukta. Mama ndiye aliyeipa jina hilo. Alisema tangu mwanamke huyo aingie nyumbani kwetu hakuna siri tena, na kwamba siku moja angemfunga mdomo kwa kitambaa. Baba alicheka, akamjibu kwamba mke mwenza huyu hali wala hanywi, avumiliwe tu.

Baba alipoteza macho nilipokuwa na umri wa miaka sita. Ugonjwa wake ulianzia pembeni mwa macho, ukala taratibu kuelekea katikati, hadi siku moja akanyoosha mkono kuchukua msumeno ukutani akakosa. Alikuwa seremala. Wenzake wa karakana hawakumwacha. Wao walitengeneza fremu za viti, yeye akasuka sehemu za kukalia kwa kamba za plastiki, kwa sababu kazi hiyo vidole vinaiona vyenyewe. Wateja walimtumia ujumbe, Bi Mdomo akausoma, na kwa kuwa karakana ilikuwa na mashine ya kuranda inayonguruma kutwa, baba alikuwa amemwomba muuza simu ampandishe Bi Mdomo sauti hadi mwisho.

Mwaka huo nilipokuwa darasa la sita, Kituo cha Wasioona kilimchagua baba akafundishe. Watu waliopoteza macho ukubwani, wanaoogopa hata kuishika simu, angewafundisha kuisikiliza na kuitumia. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kuajiriwa tangu macho yamtoke. Barua ilipokuja alimwambia Bi Mdomo airudie mara nne, na mara ya nne mama akaenda kulia jikoni, akisema ni vitunguu, ingawa siku hiyo tulikuwa tunapika viazi vitupu.

Kila asubuhi tuliongozana hadi lango la shule. Hapo nilimwacha, naye akaendelea peke yake na fimbo yake, mitaa miwili tu kufika karakana. Nilikuwa naipenda safari hiyo. Kisha ikaja siku ya jaribio la hisabati.

Tulikuwa tumesimama langoni, wanafunzi wamejaa, ujumbe ukaingia. Baba akaugusa. Bi Mdomo, kwa sauti yake ya karakana, akasoma: "Mzazi, mtoto wako amepata alama tisa kati ya hamsini katika jaribio la hisabati. Tafadhali fika shuleni tuzungumze."

Lango zima lilinyamaza, kisha likacheka. Baba aliuficha uso wa simu kifuani, kana kwamba kuuficha kungeyarudisha maneno. Aliniomba radhi kwa sauti ndogo. Mimi nilikuwa nimeshaondoka.

Darasani kwetu kulikuwa na msichana tuliyemwita Redio, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kitufe chake cha kuzimia. Mapumziko ya asubuhi alikuja hadi dawati langu, akapitisha kidole juu ya daftari langu taratibu, na kwa sauti ya puani akasema, "Alama tisa. Gusa mara mbili kufungua." Watu walivunjika mbavu. Alikuwa anaigiza vizuri. Angekuwa anamwigiza baba wa mwingine, labda na mimi ningecheka. Kuanzia siku hiyo, nikienda msalani walinitangazia kwa sauti ile ya simu, "Msalani. Kitufe." Nikirudi wakasema, "Rudi nyuma."

Nilitaka Bi Mdomo anyamaze. Hilo tu.

Njia ya kumnyamazisha niliigundua kwa bahati mbaya. Asubuhi moja nilipokuwa naifuta simu, kidole changu kiligusa kioo, Bi Mdomo akaanza kutaja saa, nami kwa kuharakisha nikabonyeza kitufe cha pembeni cha kupunguza sauti. Sauti yake ikashuka kidogo. Nilidhani nimepunguza kila kitu, lakini simu ilipoita baadaye iliita kwa nguvu zilezile. Nikajaribu tena kesho yake, nikaelewa. Bi Mdomo alikuwa na sauti yake peke yake, mbali na ile ya mlio. Ukibonyeza akiwa amenyamaza, unagusa mlio. Ukibonyeza akiwa katikati ya maneno, unamgusa yeye.

Basi kila asubuhi nilimgusa aseme, nikambonyeza mara moja kwenda chini. Mara moja tu, ili baba asishtuke. Siku ya kwanza sikuona tofauti. Baada ya wiki, pale langoni, ilibidi mtu asimame karibu ndipo amsikie. Baada ya wiki mbili alikuwa ananong'ona. Redio alichoka kuigiza kitu ambacho hakisikiki, akahamia kwa mwalimu wa michezo na filimbi yake. Nikapata amani. Niliona nimefanya jambo la akili, tena lisilomuumiza mtu.

Nyumbani nilianza kuona mambo madogo. Baba alianza kuipandisha simu hadi sikioni, kisha kuibana kabisa na sikio. Alizoea kusema "naam", sasa akawa anasema "eti?" Mama akimwambia jambo kutoka jikoni, anamwomba arudie, hata kama amelisema wazi. Alikuwa akikaa mbali na redio, akasogeza kiti. Siku moja mteja alifika kuchukua viti sita vya mgahawa wake akakuta viwili tu. Ujumbe alikuwa ameutuma, na Bi Mdomo aliusoma kando ya mashine ya kuranda, ambako hata mtu anayepiga kelele hasikiki. Mteja alifoka. Baba alimwomba msamaha, akasema kosa ni lake.

Niliyaona hayo yote. Nilijiambia amechoka. Nikajiambia tena, na kila nilipojiambia ilizidi kuwa rahisi.

Jumamosi moja mchana, mama akiwa kazini kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, baba aliniita. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, mikono juu ya magoti. Simu haikuwapo.

"Chukua karatasi na kalamu, mama," alisema. Baba huniita mama akiwa na jambo zito. "Niandikie barua."

Nilishangaa, maana barua zake zote alimtamkia Bi Mdomo. Nilichukua daftari nikakaa chini karibu na miguu yake. Alinitamkia polepole, akisubiri kalamu yangu inyamaze kabla ya kuendelea. Barua ilikwenda kwa Mkuu wa Kituo. Ilianza kwa shukrani. Kisha ikasema:

"Nasikitika kukujulisha kwamba sitaweza kuipokea kazi. Masikio yangu yameanza kuniacha kama macho yalivyoniacha. Mwalimu asiyesikia simu hawezi kumfundisha mwenzake kuisikiliza."

Kalamu ilisimama. Baba aliuliza kama nimefika kwenye nukta.

Nilimuuliza kwa nini anasema hivyo. Ndipo aliponieleza jambo ambalo yeye na mama walikuwa hawajaniambia kamwe. Daktari aliyemtibu macho alimwonya kwamba kwa baadhi ya watu ugonjwa wake hauishii machoni. Baada ya miaka hugeukia masikio. Hauanzi na makelele. Kengele utaisikia, mlango ukigongwa utausikia, lakini maneno yataanza kufifia, moja baada ya jingine. Kwa miaka sita alikuwa anausubiri. Na sasa, wiki tatu hizi, mlio wa simu anausikia vizuri kabisa, tena ameubonyeza mpaka unatisha, lakini maneno ya Bi Mdomo yanazama kila siku.

"Kama alivyosema daktari," baba alisema. "Neno kwa neno. Nimejaribu kutoamini, nikaamini."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Ninapajua, nikifumba macho napaona, na vumbi la dirishani, na jinsi vidole vyake vilivyokuwa vinasuka hewa juu ya goti. Ningesema maneno manne tu barua ile ingeishia kapuni. Lakini nilifikiri: wiki tatu. Kama ingekuwa siku moja ningesema. Kosa langu lilikuwa limekua mbele yangu kama mtoto wa jirani, simwangalii, na ghafla naambiwa ameshanipita urefu. Nikaogopa. Nikaandika nukta.

Alitia sahihi pale nilipomwekea kidole. Akaniagiza Jumatatu, nikitoka shule, niipeleke mwenyewe kituoni. Aliniomba pia nisimwambie mama hadi atakapomwambia yeye.

Nilijitungia mpango. Barua nitaichelewesha, na kuanzia kesho asubuhi nitambonyeza Bi Mdomo kwenda juu, mara moja moja, kama nilivyomshusha. Baba ataona masikio yanarudi. Atashukuru, na hakuna atakayejua. Asubuhi ya Jumapili nilikwenda kwenye chaji mapema. Waya ulining'inia mtupu. Baba alikuwa ameizima simu na kuifungia ndani ya sanduku lake la zana za useremala, ufunguo akautia shingoni. Alisema ni heri ajizoeze mapema kuishi bila hiyo.

Mama aliambiwa siku hiyo hiyo. Hakupiga kelele. Alikaa mkabala na baba, akataka waende hospitali, anawajua wauguzi, watapata nafasi hata kama ni baada ya wiki kadhaa. Baba alitabasamu akamwambia sikio la kufa halisikii dawa. Mama aliondoka mezani. Safari hii hata vitunguu hakuvitaja.

Na Jumatatu niliipeleka barua. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nadhani ni kwa sababu kuipeleka kulikuwa rahisi kuliko kurudi nayo nyumbani nikaulizwa. Karani wa kituo aliipokea, akaigonga muhuri, akanisifu kwa kuwa mtoto mtiifu.

Siku zilizofuata nyumba yetu ilikuwa kama nyumba yenye mgonjwa chumba cha ndani. Baba hakwenda karakana. Alimwambia mama kwamba iko siku hatasikia chochote, na lazima wawe na njia nyingine ya kuzungumza, waianze sasa wakati bado wanaweza kuelewana. Alikuwa anazijua herufi, alisoma na kuandika miaka yote ya kuona kwake. Basi mama akawa anamchorea herufi kubwa kwenye kiganja kwa ncha ya kidole, moja juu ya nyingine, naye anazitaja. Walifanya hivyo kila alasiri mama aliporudi kutoka kazini, mikono yake bado imekunjamana kwa maji ya sabuni. C, H, A, I. "Chai." N, J, O, O. "Njoo." Wakati mwingine alikosea, mama akafuta kiganja chake kwa mkono wake kama mtu anayefuta ubao, akaanza upya.

Mimi nilikuwa naketi pembeni na vitabu vyangu vya hisabati, nikitazama watu wawili ninaowapenda wakijifunza lugha wasiyoihitaji.

Alhamisi mama alichelewa. Baba aliniita, akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Leo zamu yako," alisema. "Mwandiko wako nao nauhitaji. Nichoree ulichofanya leo."

Nilikaa. Kiganja chake kilikuwa kigumu, kimejaa mistari ya kamba. Nikaweka kidole. Nilitaka kuandika SHULE. Sijui ni nini kilinishika. Midomo yangu ilikuwa imeshindwa karibu wiki nne, na kidole kikaenda chenyewe.

"N," alisema baba. "I. Ni." Alisubiri. "M. I. M. I. Ni mimi." Alitabasamu. "Najua ni wewe, mama. Nani mwingine mwenye kidole kidogo hivi? Endelea."

Nikaandika. N, I, L, I. Alikuwa anazitaja kwa sauti, akizifurahia kama mtoto anayejua jibu. Alipofika katikati ya neno alipunguza mwendo. Kisha akaacha kabisa kutaja. Nikaendelea kuandika kwenye kiganja kilichonyamaza: NILIMPUNGUZA SAUTI BI MDOMO. KILA SIKU. NILIONA AIBU. Machozi yangu yalidondoka palepale nilipokuwa ninaandika, nami nikayafuta, nikaandika la mwisho: MASIKIO NI MAZIMA.

Hakufunga kiganja wala hakukiondoa. Kilibaki wazi, mapajani kwake, muda mrefu.

"Mama yako anajua?"

"Hapana, baba."

"Barua uliipeleka?"

"Niliipeleka."

Alivua ufunguo shingoni akanipa. Nilifungua sanduku, nikatoa simu kati ya patasi na randa, nikaiwasha. Bi Mdomo aliposalimu hakusikika. Baba aliibana simu na sikio ndipo akamnasa kwa mbali. Akaniambia nifanye nilivyokuwa nafanya, ila kinyume. Nilimgusa aseme, nikabonyeza kwenda juu. Nikamgusa tena, nikabonyeza. Aliinuka kidogo kidogo kama mtu anayepanda ngazi kutoka shimoni, mpaka akakijaza chumba: "Alhamisi. Saa kumi na dakika tano. Chaji kidogo. Tafadhali unganisha chaja."

Nilitarajia baba afurahi. Aliinama, akaifunika simu kwa mikono yote miwili, akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata macho yalipomtoka.

"Wiki zote hizi nilikuwa nakuaga," alisema alipoweza. "Ukicheka, nasimama mlangoni nisikilize mpaka mwisho, niweke akiba. Ukimwita mama yako, naweka akiba. Nilijua nitakuja kuishi kwa akiba hiyo."

Aliniomba nimwache peke yake, nikatoka nikakaa ngazini. Mama aliporudi alinikuta hapo, nikamweleza yote, kwa mdomo safari hii. Alinitazama kana kwamba anamtafuta mtoto mwingine ndani yangu. Alisema neno moja tu: "Ingia ndani." Jioni ile hakuna aliyezungumza nami, na nilijua kwamba nilistahili.

Asubuhi mama aliomba ruhusa kazini, tukaenda kituoni wote watatu. Mkuu wa Kituo alikuwa mwanamke wa makamo, naye haoni. Alitukaribisha viti kwa kuvigonga gonga na fimbo yake. Baba alimweleza kwamba masikio yake ni mazima, kwamba simu ilikuwa imeshushwa sauti, na kwamba anaomba barua yake ihesabiwe kama haikuandikwa. Mkuu akauliza ilishukaje. Baba alisita.

"Mambo ya nyumbani tu," alisema.

Alikuwa ananifunika. Baada ya yote hayo, bado alikuwa ananifunika. Nilisimama.

"Ni mimi, shikamoo," nilisema. Nilikuwa nimechanganya hata mpangilio wa salamu. "Nilikuwa namshusha mimi, nikiona aibu mbele ya wenzangu. Na barua niliileta mimi, nikijua si kweli."

Mkuu aliitikia salamu kwanza. Kisha akageuza uso wake upande wangu. Alisema nafasi ile haipo tena. Barua ilipofika walimwita aliyefuata kwenye orodha, mwanamke aliyekuwa akiuza magazeti, naye ameshaacha kibanda chake na kuanza kazi. Hawezi kumfukuza mtu kwa sababu ya kosa lisilo lake. Darasa jingine litafunguliwa baada ya miezi sita. Jina la baba litakuwa la kwanza. Zaidi ya hapo hana ahadi.

Miezi sita. Niliona mabega ya mama yakishuka. Baba alishukuru kwa adabu, akasimama, akaigonga fremu ya mlango kwa bega wakati wa kutoka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mama alikwenda kuzungumza na karani. Mimi na baba tukakaa kwenye benchi la korido. Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimeshamwomba jana, nikaomba tena, maana sikuwa na kitu kingine cha kumpa.

"Nitakusamehe," alisema. "Tayari nimeanza. Lakini sikiliza, mama, maana hili nataka likae nawe hata mimi nikiwa sipo. Kuona aibu si kosa. Bi Mdomo hata mimi aliniaibisha siku ile. Kutwa nzima sikusuka kiti kikanyooka. Ungeniambia, 'Baba, wenzangu wananicheka,' ningeumia siku moja, kisha ningetia kisikilizio sikio moja, la pili nikaliachia barabara. Kulikuwa na dawa, tena rahisi. Wewe ulinyamaza, ukaniacha nitafute sababu mwenyewe. Na mtu asiyeona akikosa sababu nje, huitafuta ndani ya mwili wake, mpaka hata anachokisikia wazi anakitilia shaka."

Alitafuta mkono wangu akaushika.

"Anayekutegemea mwambie kweli, hata ikiwa chungu. Ukimficha wewe, hana dirisha jingine la kuchungulia."

Nilisema ndiyo. Hakuniuliza kama nimeelewa.

Mlango wa Mkuu ukafunguliwa. Alikuwa amesimama na fimbo yake, akauliza kama seremala bado yupo. Alisema kuna mzee mmoja kwenye chumba cha mwisho, alikuwa dereva wa lori, macho yamemtoka miezi miwili iliyopita. Amenunuliwa simu na watoto wake na hataki kuigusa. Anasema imekufa, kama yeye. Mwalimu mpya ana watu wanane, hana nafasi ya mtu wa kubembelezwa. Kazi hiyo haina mshahara, alisema Mkuu, wala haimfikishi baba mahali popote kabla ya ile miezi sita.

Baba alikuwa ameshasimama.

Nilimpeleka hadi mlangoni, akaliachia bega langu, akaingia. Niliusikia mlio wa simu ikiwashwa, kisha kimya. Dereva akanung'unika kwamba si aliwaambia, haisemi kitu. Kiti kilisogezwa. Kwa muda sikusikia lolote zaidi ya pumzi za mtu anayesikiliza kwa makini sana.

"Anasema, mzee wangu, ila ameshushwa," sauti ya baba ilisema. "Lete kidole chako hapa pembeni. Usibonyeze akinyamaza. Msubiri aanze kuongea, kisha mbonyeze palepale, angali katikati ya maneno. Haya."

Mwanamke mgeni, Bi Mdomo wa simu ile, akaanza kutaja saa kwa mnong'ono. Akainuka. Akainuka tena, mpaka sauti yake ikatoka nje ya chumba na kuijaza korido yote.

"Lahaula," alisema dereva. "Kumbe yupo."